Chemchemi ya Ndani ya Saa

Nilisikia kabla sijaona. Nilikuwa nimetoka kwenye jua la saa saba, lile jua la Dodoma linalomfuata mtu mpaka ndani ya kope, nikaingia kwenye kijiduka cha fundi saa karibu na stesheni, na kwa muda kila kitu mbele yangu kikawa cheusi chenye madoa ya kijani. Ndani ya giza hilo kitu kikalia twaa, kisha ukafuata mlio mwembamba, mrefu, kama uzi wa chuma unaokimbia huku unacheka. Fundi akaguna. Mimi nikakaa palepale, juu ya kitu ambacho baadaye niligundua ni mfuko wa mteja, nikaanza kucheka peke yangu.

"Springi imekatika tu, mama," fundi akasema, akidhani nimeshtuka. "Haina neno."

"Ina maneno matatu," nikamjibu.

Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyepigwa na jua. Sikumweleza. Nawaeleza ninyi, wenzangu tuliozaliwa enzi za Mjerumani, ambao bado mnakumbuka nyumba zetu za tembe zilivyokuwa na giza mchana na jinsi tulivyojifunza dunia kwa masikio kwanza.

Tulikaa upande wa Msalato, kabla ya reli. Boma la Wajerumani lilikuwa mbali, tukilijua kwa askari wake waliopita mara moja moja wakiuliza idadi ya nyumba. Kwetu palikuwa na misheni ndogo ya Waingereza: nyumba ya Bwana, shule ambayo siku ya Jumapili iligeuka kanisa, na tembe letu. Baba yangu, Mwalimu Danieli, alikuwa Mgogo wa palepale. Kiingereza alikisoma Mpwapwa, katika Biblia, kwa hiyo alijua kusema ole wenu na tazameni lakini hakujua kuomba chumvi. Mama yangu, Felista, hakuwa Mgogo, wala hakujua alikuwa nani. Alichukuliwa kwao akiwa mdogo, akakombolewa pwani, akalelewa na masista Wafaransa waliomfundisha kushona, kusali, na kuandika lugha yao kwa herufi zilizolala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Baba alitumwa pwani kuchukua mbao za kuandikia za wanafunzi, akarudi na mbao na mke. Alipenda kusema kuwa mbao nne zilivunjika njiani lakini mke alifika mzima.

Basi nyumba yetu ndiyo ilikuwa daraja. Kaskazini, katika milima ya Kondoa, walikuwapo mapadri Wafaransa. Kwetu alikuwapo Mwingereza. Walipotaka kuandikiana hawakuwa na lugha ya kukutania. Kijerumani Mwingereza hakukijua, na Wafaransa walikijua lakini hawakutaka. Kiswahili chao wote wawili kilitosha kuombea maji na kuhesabia mizigo, hakikutosha kwenye karatasi. Hivyo barua ya Kiingereza ilikuja mezani petu. Baba aliisoma, akaisema kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi, na mama akaiandika kwa Kifaransa. Mimi nilishika kichupa cha wino kisipinduke. Nilikuwa na miaka minane hivi, na niliamini kwamba ndivyo barua zote duniani zinavyoandikwa: mume anasema, mke anaandika, mtoto anashika wino.

Yule Mwingereza tulimwita Bwana Saa. Jina lake la kwao halikukaa vinywani mwa watu, ila saa yake ilikaa. Ilining'inia kwenye ukuta wa shule, kubwa kama ungo, na kila Jumatatu alipanda kigoda na kuizungusha ufunguo, nasi tukihesabu mizunguko kwa sauti kama wimbo. Siku moja aliifungua ili aitie mafuta, akatuita tuchungulie. Ndani palikuwa na utepe wa chuma uliojikunja na kujikunja mpaka ukaishilia katikati, kama jongoo anapoguswa. "Hii springi," akasema kwa Kiswahili chake cha kukata. "Hii inaleta saa."

Siku nyingine, akitufundisha wimbo wa kwao, macho yake yakawa na maji, akamwambia baba maneno mengi. Baba akatutafsiria: kwao, baada ya baridi kali, huja majira wanayoyaita springi, na springi ikija majani huota, mito hukimbia, ndege hurudi. Ni kama masika yetu, baba akasema.

Mtoto hana kazi nyingi kichwani, huyaweka mambo mawili pamoja na kuyaacha yakae. Nikajua tangu siku ile kwamba Wazungu ni watu wa akili. Masika yao hawayangoji. Wameyakunja, wakayatia ndani ya saa, na wakiyataka huzungusha ufunguo.

Mwaka ule kwetu masika yalichelewa. Bwawa lililokuwa nyuma ya kilima likawa tope, tope likawa vigae vilivyojikunja kingo, na ng'ombe wakawa wanasimama katikati yake wakilamba hewa. Wanawake walikwenda kuchimba mchanga wa korongo kubwa, kila siku shimo likizidi kina, na mama aliondoka na kibuyu jogoo hajawika akarudi jua limeshapanda. Alirudi na maji ya rangi ya majivu. Tulikunywa tukiyachuja kwa meno.

Jumbe akatangaza kwamba mwezi ukifa bila maji, kijiji kitahamia upande wa Bahi na mifugo yake. Baba aliyapokea maneno hayo kama Mgogo. Nyumba ni miti na udongo, miti na udongo viko kila mahali. Shule ingefungwa, na sisi tungekwenda na watu. Mama akachukua ufagio. Alifagia ua uliokuwa umeshafagiliwa. Jioni, akiwa ananisuka, vidole vyake vikasimama katikati ya msuko.

"Nimehamishwa mara mbili, Nyemo," akasema. "Mara zote mbili kuna mtu alifunga mlango nyuma yangu, nikausikia. Sitaki mara ya tatu."

Kisha vidole vikaendelea, akavuta nywele kwa nguvu kidogo kuliko kawaida. Sikulia. Nilikuwa nimeshajua la kufanya.

Kesho yake, mchana, watu wote wakiwa korongoni, niliingia shule. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nilipapasa mpaka kigoda, nikapanda, nikapapasa mpaka ufunguo uliotundikwa kwenye msumari. Bwana Saa alikuwa akizungusha mara kumi na nne. Yeye lakini alikuwa anataka saa tu, na mimi nilitaka masika, tena masika makubwa, ya kujaza bwawa. Nikazungusha kumi na nne. Nikaongeza. Ufunguo ukawa mgumu, nikaushika kwa mikono miwili, nikaegemeza kifua, nikamwomba Mungu wa baba na Bikira Maria wa mama wanisaidie kwa pamoja. Twaa. Halafu ule mlio mrefu wa kucheka. Halafu kimya ambacho sijapata kukisikia tena, kwa sababu ndipo nilipotambua kwamba shule ile ilikuwa inapumua muda wote, na sasa imeacha.

Nilikimbia nje kuangalia mbingu. Ilikuwa nyeupe kama sahani.

Bwana Saa aliifungua saa asubuhi iliyofuata, akachungulia, akatikisa kichwa. Hakumuuliza mtu. Nadhani aliilaumu kutu. Saa ile ilikuwa imewahi kusimama mara nyingi kwa vumbi, kwa hiyo hata baba hakuishughulikia. Bwana Saa aliandika barua fupi kwa mapadri wa Kondoa, akamwachia baba aishughulikie kama kawaida, akaondoka siku hiyohiyo na wapagazi wake kwenda Mpwapwa kuonana na wenzake.

Baba alikaa mezani na daftari lake. Daftari lile lilikuwa hazina ya nyumba. Kushoto neno la Kiingereza, kulia neno la Kiswahili, neno moja mstari mmoja, na mistari imenyooka kama safu za mtama. Alisoma barua, akatafuta kwa kidole, akapata. Kidole kilikuwa juu ya neno lile, spring, akalisoma kwa sauti. Kulia, kwa mwandiko wake mzuri, palikuwa pameandikwa: chemchemi. Maana Biblia imejaa chemchemi, na haina hata saa moja ya ukutani.

"Chemchemi yetu imevunjika," baba akasema.

Mama alikuwa amechovya kalamu. Akaiinua. "Chemchemi huvunjika, baba Nyemo?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Chemchemi hukauka. Kinachovunjika ni kibuyu."

"Labda kwao huvunjika," baba akasema. "Kwao maji huwa mawe wakati wa baridi."

Mama akafikiri, akaandika imekauka. Baba akaendelea kusoma: bila hiyo hatujui tuamke lini wala tulale lini. Hapo akasimama, akaguswa. Akasema Bwana huyu kumbe ana macho, kumbe amewaona wanawake wanavyoamka jogoo hajawika. Mama naye akatazama chini, akaandika pole pole. Kisha baba akasoma mwisho: tunaomba mtutumie Bruda, yule mtawa wenu fundi, au kama hawezi, basi mtutumie nyingine.

"Atutumie chemchemi nyingine?" mama akauliza. "Kwa punda?"

"Ni lugha ya heshima tu, mke wangu."

Mama aliandika la Bruda tu, sentensi ya nyingine hakuiandika. Alisema masista walimfundisha kwamba mfasiri mzuri humfunika mtu anapojisahau.

Na mimi? Mimi nilikuwa na kichupa cha wino mikononi, na mdomo wangu ulikuwa umejaa neno. Katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyejua springi ni nini, kwa sababu niliisikia ikifa chini ya mikono yangu. Ningesema, wangeuliza nimejuaje. Lakini haikuwa woga peke yake. Mama alipokuwa anaandika lile neno la maji, uso wake ulilainika namna ambayo sikuwa nimeiona tangu jumbe atangaze. Nikanyamaza. Mama akachovya tena kalamu katika kichupa changu.

Barua ilichukuliwa na Mzee Salimu, Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa akipita na punda wake akiuza asali na tumbaku. Alikuwa Mwislamu safi aliyebeba barua za Wakristo wa pande zote mbili, akisema kwamba siku ya kiyama atawatoza wote. Wagogo aliwatania bila huruma. Siku ile aliuliza kama ni kweli kwetu sasa ugali unasongwa kwa mchanga na mlenda nao wa mchanga. Wanawake wakamwambia aende zake, lakini anywe maji kwanza, na wakampa.

Baada ya siku kumi na kitu alirudi, na nyuma yake, juu ya punda aliyekuwa mdogo kuliko yeye, alikuja Bruda.

Alikuwa mfupi, mpana, ndevu zake zimejaa vumbi jekundu mpaka hukujua ni za rangi gani, na mikono yake ilikuwa kama mizizi iliyong'olewa. Alikuwa ametoka Ulaya hivi karibuni, hana Kiswahili zaidi ya salamu, lakini alikuwa fundi wa kila kitu. Punda wa nyuma walibeba kamba, sururu, majembe, na ndoo ya ngozi ya fahali. Jumbe alimpokea kwa mbukwenyi, salamu yetu ndefu ya heshima, Bruda akaitika kwa kucheka. Kisha akauliza kwa lugha yake jambo moja, na mama, aliyekuwa amesimama na kibuyu kichwani, akamjibu.

Sikuwa nimewahi kumsikia mama akizungumza Kifaransa. Kuandika, ndiyo. Kusali, ndiyo, kwa kunong'ona. Lakini kuzungumza na mtu anayejibu, sijawahi. Sauti yake ilikuwa ya msichana. Ilipanda na kushuka kama mtu anayeruka kamba. Baba alisimama kando akimtazama mke wake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona kule pwani.

Bruda hakutaka kupumzika. Alitembea kwa mikono nyuma, akiokota udongo, akiunusa, akiutupa. Akapita bwawa, akapita korongo, akafika kwenye mkuyu mmoja uliokuwa peke yake chini ya mwamba, ambao majani yake, kwa ukaidi tu, yalikuwa bado mabichi. Akapiga teke ardhi. Akavua kofia.

Walichimba siku sita. Wanaume walivuta ndoo za udongo, wanawake walipiga ngoma kuwatia nguvu, na Mzee Salimu, aliyekuwa aondoke siku ya kwanza, alikuwa bado anavuta kamba akilalamika kwamba alikuja kama posta na sasa amegeuka punda. Mama alisimama mdomoni mwa shimo. Bruda alipaza sauti kutoka chini, mama akaigeuza Kiswahili, mtu mwingine akaigeuza Kigogo kwa ajili ya bibi zetu. Kila neno lilipanda kutoka kwenye shimo kwa ngazi ya midomo mitatu. Nilimtazama mama na nikajua kwamba kama Bruda ataondoka kabla ya maji, ni mimi nitakayekuwa nimemfungia mama mlango wa tatu.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu kufa. Siku ya sita, jua likianza kupinda, Bwana Saa akarudi kutoka Mpwapwa.

Alipita kwanza shule. Kisha akatoka, akaja mkuyuni akitembea haraka, na furaha ya kumwona Bruda usoni mwake. Wakapeana mikono. Bwana Saa akachora duara hewani kwa kidole, duara ndani ya duara. Bruda akaitikia kwa kichwa, akamwonyesha shimo. Bwana Saa akachora tena, kwa haraka zaidi. Bruda akaelewa kwamba anataka gurudumu la kamba lililokuwa juu ya shimo lizungushwe, akawaamuru watu wazungushe. Ndoo ikapanda na udongo. Bwana Saa akaitazama ndoo, akamtazama Bruda, akamwita baba.

Waliongea kwa Kiingereza kwa muda. Niliuona uso wa baba ukibadilika kidogo kidogo. Mwishowe akamgeukia mama, akasema polepole, "Si chemchemi ya maji, mama Nyemo. Ni kitu cha ndani ya saa."

Ngoma zilikoma. Mama akaweka kibuyu chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amemtoa mtu wa Mungu Kondoa kwa barua ya uongo, tena kwa mkono wake. Jumbe akauliza, bila ubaya, kama basi kazi hii haikuagizwa na mtu, maana kama haikuagizwa, ni bora watu wakafunge mizigo kungali na mwanga. Bruda alikuwa akimtazama mama, akingoja ageuze maneno, na mama hakuyageuza.

Nikapita katikati ya miguu ya watu.

"Springi nimeivunja mimi," nikasema.

Nikaeleza yote. Nikaeleza kwamba ndani ya saa ndimo masika ya Wazungu yalimokunjwa, kwamba nilizungusha kumi na nne nikaona hayatoshi, kwamba nilitaka bwawa lijae ili mama asihamishwe mara ya tatu. Nikaeleza kwamba nilijua barua imekosewa na nikashika wino nikanyamaza. Kisha nikangoja kuchapwa.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Salimu, kwa sababu Kiswahili kilimfikia moja kwa moja. Alikaa chini na kamba mkononi. Baba, mdomo ukimtetemeka, akaigeuza Kiingereza, na Bwana Saa akasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akafunika uso wake nayo, mabega yakawa yanaruka. Mama akaanza Kifaransa kwa machozi, na alipofika kwenye mizunguko kumi na nne Bruda alitoa sauti kama ng'ombe. Tukadhani vicheko vimekwisha. Ndipo hadithi ikafika Kigogo, na bibi zetu wakaanza upya, wakatuambukiza sote mara ya pili.

Bwana Saa alipopata pumzi alimwambia baba jambo, na baba akatutafsiria akiwa ameshangaa kuliko mtu yeyote. Mtoto hakukosea, alisema. Kwao neno ni moja. Maji yanayochomoza ardhini, majira ya majani kuota, na ule utepe wa ndani ya saa, vyote huitwa kwa neno hilohilo, kwa kuwa vyote huruka kutoka mahali vilipojificha. Baba alifungua daftari lake pale pale na kulitazama kama mtu aliyegundua kwamba ukuta wa nyumba yake una mlango.

Bruda alikuwa ameshuka tena shimoni wakati sisi tunashangaa. Alipanda na bonge la udongo wa kijivu, akamwekea mama kiganjani, akamfunga vidole. Mama akaminya. Alipofungua mkono, mistari ya kiganja chake ilikuwa inang'aa.

Bruda akasema jambo, na mama akaligeuza kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa mbali: "Anasema saa imeshakufa, haiwezi kufa tena. Anaomba siku mbili."

Ilimtosha moja na nusu. Tulisikia kelele chini, si maneno ya lugha yoyote, kisha ndoo ikawa nzito kwa namna mpya, nzito inayocheza, na ilipotokeza ilikuwa inamwaga pembeni. Maji yalikuwa na rangi ya uji. Vigelegele vilipanda mpaka ndege wakauacha mkuyu. Watu walikunywa, walijimwagia, walimwagia Mzee Salimu ambaye aliapa kwamba sasa ameona Wagogo wakichezea maji na hakuna atakayemwamini Kondoa. Jumbe alikaa juu ya jiwe akaamuru mizigo iliyokwisha kufungwa ifunguliwe, akaanza mara moja kugombana na ndugu yake kuhusu ng'ombe wa nani watangulie. Mama hakunywa kwanza. Alikaa kando, akajimwagia maji miguuni, akaosha kisigino, akaosha kati ya vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayepanga kutokwenda popote.

Saa Bruda aliitengeneza jikoni kwetu. Hakuwa amekuja na springi nyingine, maana hiyo ndiyo sentensi ambayo mama aliifunika. Basi aliichukua ileile iliyokatika, akaiweka ncha yake kwenye makaa kati ya mafiga mpaka ikawa ya buluu, akaitoboa, akaikunja kulabu, akairudisha. Ikawa fupi. Tangu hapo saa ya misheni ilikwenda siku nne badala ya nane. Ilitakiwa mtu wa kuizungusha Jumatatu na Alhamisi, na Bwana Saa, baada ya kutafakari kwa muda mrefu mno, alinipa mimi ufunguo. Bruda alinifundisha sheria moja: usiumalize. Siku zote acha mzunguko mmoja ndani.

Jioni hiyo baba aliandika mistari miwili mipya chini ya neno lile. Nafasi haikuwapo, kwa hiyo maneno yalipanda pembeni ya ukurasa, yakakata kona, yakaharibu zile safu zake za mtama. Akamwomba mama amwambie Wafaransa wanaliitaje. Mama akaandika maneno matatu, kila moja la kwake: source la maji, printemps la majira, ressort la saa. Baba akayatazama akatikisa kichwa. Alisema Wafaransa ni matajiri sana, wana neno kwa kila kitu, lakini maskini, hawatapata kisima kwa kuvunja saa. Mpaka leo, ninapoandika na neno likaniambia kwamba linamaanisha kitu kimoja tu, huwa naacha nafasi chini yake.

Bruda aliondoka asubuhi yenye mawingu mazito, ya kwanza mwaka ule. Tulikuwa shuleni, mimi juu ya kigoda, ikiwa Alhamisi yangu ya kwanza. Nilihesabu sita, nikaacha mmoja ndani. Upepo ukageuka, ukaleta ile harufu ambayo kila mtu aliyekulia nchi kavu anaijua kabla ya jina lake mwenyewe, na tone moja, kubwa kama sarafu, likapiga kizingiti. Mama alimsihi Bruda angoje. Mzee Salimu alikuwa nje akipiga kelele kwamba mito ikijaa watakula Krismasi na Idi barabarani. Bruda akacheka, akachora duara hewani kwa kidole, akanielekezea mimi, akasema neno.

"Anasema safari hii umezungusha vizuri," mama akaniambia.

Bruda akatoka. Mvua ilimfuata papo hapo, nzito, ikapiga mpaka ndani kwenye mbao za wanafunzi. Mama akakimbilia mlango. Ulikuwa mlango wa mti mzito, uliochakaa kwa ukame, na kila mara baba ndiye aliyeufunga. Safari hii mama aliweka bega lake, akatazama nje kidogo, kule mgongo mpana ulikokuwa unapotea kwenye mvua, akausukuma. Saa ilikuwa inapumua juu ya kichwa changu. Mama akashusha komeo, akabaki amesimama, kiganja kikiwa juu ya mbao, upande wa ndani.